Unaiona Peke Yako

Mbele yangu kwenye basi, dada anayejaribu programu za simu kabla hazijatoka alikuwa amemchoka mke wa kaka yake. "Wifi, nakuomba tena, fungua ukurasa wa shughuli zako unisomee. Ni siri yako, unaiona peke yako."

"Nikikusomea, itakuwa siri gani tena?"

"Jaribio tu! Bosi ananisubiri."

Wifi akasonya, akasoma kwa sauti iliyofika mpaka viti vya nyuma: "Wiki hii umetafuta sana chumba cha kupanga cha mtu mmoja."

Angalau programu inafanya kazi.

"Chumba cha nani?" dada akauliza.

"Si ulisema naiona peke yangu?"

Basi likasimama. Kituoni, mwanamume mmoja aliwapungia mkono akitabasamu.

"Kaka yako yule," wifi akasema. "Haya, msomee na yeye."