Bloku ya Mwendwa: Maisha ya Josephat Kyengo Muasya, 1981–2025

Kila asubuhi, kabla ya kushika kazi, marehemu Josephat Kyengo Muasya alikuwa ananawa mikono. Mafundi wengine wa magari huko Kimbo walinawa jioni tu, na walimcheka. Alikuwa anawajibu, "Grisi ya jana haiingii kwa gari ya leo."

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1981 huko Kalimoni, kifungua mimba wa marehemu Mzee Muasya na Mama Ndinda. Baada yake alikuja Mwendwa, na hao wawili ndio watoto nyumba hiyo ilipata. Alisoma msingi papo hapo Kalimoni, kisha sekondari hadi kidato cha pili. Baba alipofariki, Kyengo aliacha shule ili Mwendwa amalize. Hakuna siku alisikika akilalamika juu ya hilo.

Alijifunza ufundi Ruiru, na mwaka wa 2008 akafungua gereji Kimbo pamoja na rafiki yake Wanyoike. Mwaka uliofuata alinunua Golf GTI nyekundu ya 1989, gari ndogo yenye mbio ambayo vijana walikuja kuangalia tu na kwenda.

Alipopeleka posa kwa kina Wangeci, shangazi mmoja alimshika mkono akauliza, "Hizi kucha ni za bwana harusi ama za mchoma makaa?"

"Ni za mtu ako na kazi, auntie."

Nyumba nzima ilicheka. Walifunga ndoa tarehe 10 Desemba 2011, na Mungu akawabariki na Janice na Kitonga.

Tarehe 3 Machi 2023, lori lilimgonga Mwendwa kutoka nyuma kwenye barabara kuu ya Thika, akafa hapo hapo. Mbele ya gari lake hakukuguswa hata taa. Wazee wa ukoo walikaa kwa Mama Ndinda, ambaye alikuwa amehamia Ngoingwa, wakaamua gari lote liuzwe chuma chakavu, na kipande chake chochote kisiingie bomani tena. Kyengo alikubali mbele yao. Gari aliuza. Bloku ya injini, chuma chake kikubwa cha chini, aliibakisha, akaifunika na gunia nyuma ya gereji.

Ilikuwa bloku ya lita mbili, kubwa kuliko ile ya Golf. Alitaka kuiweka kwa Golf, halafu juu yake afunge hedi, kile kichwa cha injini yake ya zamani.

Wanyoike alimwambia, "Hii ni ya marehemu, bwana. Mama yako akijua?"

"Chini Mwendwa, juu mimi. Hatujawahi kukosana tukigawana kitu."

Bloku ilikuwa ndefu, boneti ikakataa kufunga. Wanyoike alitaka kuikata boneti, Kyengo akasema hapana. Aliishusha injini kidogo kidogo, anatoa, anarudisha, hadi boneti ikalala. Hiyo ilikuwa Julai 2024. Alipowasha, Wanyoike aliweka spana chini na kutoka nje. Mlio ulikuwa wa gari la Mwendwa.

Siku ya kwanza kuijaribu, marehemu alipita Ngoingwa bila kusimama. Mama akampigia simu.

"Kyengo, umepita hapa na nani?"

"Nilikuwa peke yangu, mwaitu," akasema, akimwita mama kwa Kikamba.

"Mbwa amekataa kutoka kwa gate. Anangoja mtu ashuke."

Akamwambia ukweli. Mama akamwambia asikanyage kwake mpaka hicho kitu kitoke. Hakukitoa. Alikuwa anaegesha mbali, anatembea hadi nje ya gate, anaacha unga na sukari hapo, anarudi. Mama alikuwa anangoja hatua zake ziishe ndio atoke kuchukua.

Oktoba hiyo alianza kuishiwa na pumzi. Daktari alisema moyo umefura, asiinue vitu vizito tena. Alimwambia Wangeci, "Kufa si neno. Nisife tu kabla mwaitu hajanifungulia."

Marehemu alifariki Jumapili tarehe 16 Machi 2025, kando ya barabara huko Ngoingwa, moyo wake uliposimama. Ameacha mama yake Ndinda, mjane wake Wangeci, watoto wake Janice na Kitonga, na Wanyoike, ambaye hajawahi kumwita rafiki, amekuwa akimwita ndugu.

Jumapili hiyo, watu wakitoka kanisani, Mama alipiga simu mwenyewe. "Leta hiyo kitu yako niisikie."

Alienda na jamii yote. Alikuta gate iko wazi. Mama aliketi kwa kiti cha plastiki mbele ya gari, na Kyengo akawasha. Mama alisikiliza macho yakiwa yamefungwa. Kisha akaweka mkono juu ya boneti, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwendwa, umechelewa."

Kyengo aliingiza mkono kwa dirisha azime.

"Wacha," Mama akasema. "Wewe pia ni wangu. Wacha iungurume."

Marehemu alisimama kidogo, mdomo wazi, kama mtu anayetaka kucheka. Halafu akasema, "Wacha niisikie kutoka barabarani. Injini husikika vizuri ukiwa mbali."

Akatoka. Chai ikamiminwa, kikombe chake kikafunikwa na kisahani. Injini iliendelea kunguruma, na kila mmoja alijua yuko hapo nje anasikiliza, kwa hivyo hakuna aliyeenda kumwita. Chai ikapoa. Hakurudi.

Mungu amtulize, pamoja na ndugu yake.