Pazia la Mikoko

Kijiwe cha kahawa pale Nyamisati kina benchi moja tu, na asubuhi ile Gharibu alikuwa amekaa ncha ya benchi, roho mkononi. Jana aliingia mtaalamu wa misitu, Nusaiba, na picha za mikoko yao zilizopigwa na setilaiti. Gharibu, mwenyekiti wa kamati ya mazingira, alikwisha kuandika katika taarifa ya kamati kwamba hakuna mti uliokatwa. Ukweli aliujua. Mwaka jana alikata boriti kule ndani akaacha safu ya miti ukingoni mwa kijito, kama wafanyavyo wakataji wa huku, ili boti ya doria ikipita ione kijani kitupu.

Wenzake walikuwa na raha zao. Bushiri, aitwaye Redio, alishikilia kwamba setilaiti inamjua mkoko mgonjwa.

— Inasoma rangi ya majani. Mti wenyewe haujajua kama unaumwa, yenyewe ishajua.

Kondo, fundi wa mashine za boti waliyempachika jina la Injinia, akaongeza kuwa inahesabu na viboko waliozama. Redio hakukubali kuzidiwa, akasema inajua hata nani kala nini jana.

— Basi kwako ishachoka na mhogo, Injinia akamjibu.

Wakacheka. Gharibu alicheka kwa kuchelewa.

Nusaiba akaja, akawaamkia, akapewa kikombe, akafungua kishikwambi chake. Benchi zima likainama. Kila kijito kilikuwapo, mashamba ya mpunga yalikuwapo, hata mikoko michanga iliyoota upya baada ya mafuriko. Gharibu akasahau hofu. Miaka arobaini anaipigia makasia delta hii, na hakuwahi kuiona nzima. Ilikuwa nzuri, nzuri mno. Kisha akaliona doa jeupe, limezungushiwa ukanda mwembamba wa kijani.

— Hapa ndani pako wazi, Nusaiba alisema. Nataka nikapapime. Nani anaijua njia ya kuingia?

Redio akatazama kahawa yake. Injinia akakumbuka kuna mashine inamsubiri, ila hakuinuka. Mwenye kuijua njia ile ndiye aliyekata miti, na hilo kila mtu benchini alilijua.

Gharibu aliirudia ile picha, delta yake yote na kidonda alichoitia kwa shoka lake, na moyo ukamuuma.

— Maji yakijaa tutakwenda, mwanangu, alisema. Mie naijua.