Mama Mizani, Aliyekataa Kuandika Homa

Marehemu aliacha agizo moja tu kuhusu wasifu huu: "Mkiandika kwamba nilikuwa mpole, nitafufuka niwasahihishe." Familia imelitii. Hakuwa mpole.

Mama Mizani, kama alivyoitwa na karibu kila mzazi wa eneo hili, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mkulima na msusi wa mikeka. Walizaliwa wanane, wakakua saba. Mdogo wake aliyemfuata alifariki mwaka 1958, akiwa na miaka miwili. Miguu na uso vilimvimba, na majirani wakawa wanamsifu: "Huyu ameota mashavu, ana afya!" Alipokufa, watu wazima walisema ni kazi ya Mungu. Marehemu, aliyekuwa akimbeba mgongoni kila siku, hakuridhika na jibu hilo, ila alikuwa na miaka saba na hakuna aliyemuuliza.

Alisoma shule ya msingi hadi darasa la saba, kisha sekondari, na mwaka 1969 akaingia chuo cha uuguzi. Mwaka wa pili, mwalimu alichora ubaoni mtoto mwenye unyafuzi: miguu iliyovimba, nywele nyepesi zilizopauka, uso wa duara. Akaeleza kuwa mtoto huyo hakunenepa, ana njaa. Marehemu alisimama katikati ya somo akasema, "Huyo ni mdogo wangu," akatoka nje. Aliporudi, aliomba afundishwe kila kitu kinachojulikana kuhusu ugonjwa huo. Tangu siku hiyo, mtu akisema mbele yake kwamba mtoto aliyedhoofu amechukuliwa na Mungu, alimkatiza: "Mungu msimsingizie."

Alihitimu mwaka 1972 na kuanza kazi wodi ya watoto. Huko ndiko alikokutana na mumewe, fundi seremala aliyeagizwa kutengeneza ubao wa kupimia urefu wa watoto. Marehemu aliurudisha mara mbili kwa sababu alama zilipishana nusu sentimita. Mara ya tatu fundi alileta ubao pamoja na posa. Ubao ulikubaliwa papo hapo. Posa aliipima wiki mbili. Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1975 na kujaliwa watoto watatu.

Mwaka 1981 alihamishiwa kliniki ya mama na mtoto. Mwaka 1986 mvua ziligoma, na watoto waliokonda wakaanza kuletwa kila asubuhi. Wageni kutoka makao makuu walitarajiwa, na mganga mkuu akamwita ofisini, rejista ya vifo ikiwa wazi mezani.

"Dada, hili neno utapiamlo limezidi. Andika homa."

"Homa imekuja kumalizia tu, daktari. Aliyeanza ni njaa."

"Unatutia aibu."

"Aibu iko wodini. Mimi naiandika tu."

Mganga mkuu alilifuta neno kwa kalamu yake. Marehemu akaliandika tena chini yake, kwa herufi kubwa zaidi. Kesho yake alipelekwa ghala la mashuka.

Alikaa ghalani miezi kumi na mmoja. Takwimu za kliniki zikawa safi, na kwa kuwa karatasi zilionyesha hakuna mwenye njaa, maboksi ya maziwa ya tiba yakaacha kuletwa. Akina mama hawakudanganyika na karatasi hizo. Walimfuata dirishani kwake. Kila mapumziko ya chai alipima unene wa mikono ya watoto kwa utepe, kujua nani amekonda kupita kiasi, na kuandika kwenye daftari la shule la binti yake. Wakafika watoto mia mbili na kumi na wanne.

Wageni walipokuja hatimaye, aliingia ukumbini bila kuitwa, daftari kwapani, akifuatana na akina mama watatu na watoto wao. Alitundika mizani kwenye ndoano ya mlangoni, akamweka mtoto wa kwanza. "Miezi kumi na minane, kilo sita na nusu. Nani hapa ataniambia hii ni homa?" Mgeni mmoja, mama mtu mzima, alinyoosha mkono kuomba daftari.

Maziwa yalirudi baada ya wiki tatu. Wawili kati ya watoto wale walipona. Wa tatu hakuyawahi, na marehemu, akiwa amerudishwa kliniki, aliandika sababu ya kifo chake kama ilivyokuwa. Alipewa pia barua ya onyo kali. Mumewe aliitengenezea fremu. Mgeni akiuliza sebuleni ni cheti gani kile, alijibiwa, "Ndiyo shahada yangu."

Alistaafu mwaka 2011. Oktoba 2022 alipatwa na kiharusi kilicholemaza upande wa kulia. Mwaka jana alisikia redioni kiongozi mmoja akisema watoto hukonda kwa uvivu wa wazazi. Akamwambia bintiye, "Lete simu." Kituo kilimpa dakika moja, alichukua tatu, maneno yakitoka kwa kuburuzika: "Mama anayelima shamba la mtu tangu alfajiri, akarudi na kibaba cha unga kwa watoto watano, uvivu wake uko wapi? Nionyeshe, niupime."

Kiharusi cha pili kilimpata Juni mwaka huu. Alifariki nyumbani Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Alikuwa na umri wa miaka 73.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, kitukuu mmoja, na mdogo wake wa mwisho anayesoma wasifu huu. Ameacha pia watu wazima wengi wenye afya, waliosimama hapa leo, ambao hawakumbuki kwamba aliwahi kuwapima.

Yeye apumzike kwa amani, amestahili. Sisi tuliobaki, muda wa kupumzika bado.