Siku Niliyomwambia Mama Kwamba Sihitimu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na jina lake lizidi kutukuzwa!

Mimi naitwa Karisa, mzaliwa wa Ganze. Ninyi mnaosoma hapa chuoni Kilifi mnanijua kwa nyimbo za kuabudu. Leo sikuja kuimba. Nimekuja kueleza jinsi Mungu alivyonitoa katika uongo nilioishi nao zaidi ya mwaka mzima, na jinsi alivyotumia watu wake kunitoa.

Kwetu ni wakulima wa mahindi, na mvua ikikataa mama huchoma makaa. Mimi ndiye wa kwanza katika mji wetu kuingia chuo kikuu. Siku niliyoondoka, akina mama wa kanisa walinisindikiza kwa nyimbo mpaka barabara kuu, mwendo wa saa nzima juani. Nilipofika huku nikajiunga na ushirika wa wanafunzi Wakristo, nikawekwa katika kundi dogo la kusoma Neno. Tulikuwa sita, tukikutana kila Jumatano alasiri nyuma ya maktaba. Aliyetuongoza ni Mwende, mwanafunzi mwenzangu, binti wa Kikamba aliyelelewa Mariakani, ambako baba yake ni dereva wa lori. Ni mpole wa maneno, lakini hapitwi na kitu.

Miaka miwili ya kwanza nilifanya vizuri. Mwaka wa tatu, ndugu zangu, kiburi kikaniingia. Nilijiona mwerevu, mtu wa kusoma wiki moja tu kabla ya mtihani. Nikaanza kwenda Watamu kuwatembeza wageni kwa baiskeli, mara siku moja, mara tatu, mara wiki nzima. Matokeo yalipotoka, nilikuwa nimeanguka masomo matano. Nikaandikiwa barua kwamba nirudie mwaka.

Je, nilirudia? Sikurudia! Barua niliificha chini ya godoro. Sikujiandikisha wala sikumwambia mtu. Siku nyingine zote nilikuwa Watamu, lakini Jumatano na Jumapili nilikuwa hapa, shati limepigwa pasi, nikiinua mikono na kuongoza nyimbo. Watu wakilia, nami nikilia nao. Ndugu zangu, inawezekana mtu kukaa katikati ya watu wa Mungu akiwa amefungwa, na wote wakadhani yuko huru!

Mwaka wa mwisho wa wenzangu ukaisha. Siku moja nikiwa kazini, mama akanipigia simu. Alikuwa na furaha nyingi.

"Karisa mwanangu, tumesikia mahafali ni mwezi ujao. Akina mama wa kanisa tushashona sare, tunakuja ishirini. Wewe tuambie tu tuingilie lango lipi."

"Nitawaambia, Mayo," nikamjibu. Ndivyo tunavyomwita mama kwetu.

Simu ilipokatika nilikaa chini kando ya baiskeli. Niliwaza kubadilisha laini na kupotelea Mombasa. Niliwaza na mengine nisiyoweza kuyasema mbele ya watoto walioketi hapa.

Jumatano iliyofuata nilikuja kwenye kundi nikiwaaga moyoni. Tulipomaliza kuomba, Mwende akanizuia.

"Karisa, orodha ya wanaohitimu imebandikwa. Nimeisoma mara tatu. Jina lako sikuliona."

Nilifungua kinywa niseme ofisi imekosea. Maneno nilikuwa nayo tayari. Badala yake nikalia kama mtoto.

"Mimi si mwanafunzi tena, Mwende. Nimewadanganya nyote."

Nilingoja anifukuze. Yeye akasema, "Nyimbo utaziacha kwanza, upumzike. Lakini Jumatano usikose hata moja. Na Jumamosi twende kwa mama."

"Mimi na wewe?"

"Sisi sote."

Na kweli walikuja wote watano! Nilikuwa nimewahi kuwasimulia shida ya maji ya kwetu, basi kila mmoja aliteremka kwenye matatu barabara kuu na mtungi wa maji, tukatembea na ule mzigo mpaka nyumbani. Mama alipotuona alipiga vigelegele. Alidhani tumekuja kupanga sherehe. Akaingia ndani, akatoka na ile sare kuwaonyesha wageni.

Nikapiga magoti. "Shikamoo, Mayo. Nakuomba ukae. Mimi sihitimu. Nilianguka mitihani, nikaambiwa nirudie mwaka, nikakuficha."

Mama hakupiga kelele. Aliikunja ile sare polepole, akaiweka mapajani.

"Muda wote huo ulikuwa wapi?"

"Watamu, nikitembeza wageni."

"Ulikuwa ukila?"

Ndugu zangu, swali hilo ndilo lililonivunja. Nilitarajia laana, yeye akauliza kama nilikula!

Kisha akawatazama wenzangu mmoja mmoja, na vumbi la njiani lingali miguuni mwao. "Na hawa ndio waliokuleta?"

"Ndio, Mayo."

"Namshukuru Mungu hukuwa peke yako," akasema, na hapo ndipo alipolia.

Kesho yake nilisimama kanisani Ganze nikawaomba radhi akina mama wote. Sitawadanganya, si wote walionipokea. Mmoja alitoka nje, na mpaka leo haitikii salamu yangu. Namwelewa, na ninamwombea.

Chuo kilinikubali tena, nikaanza mwaka wa tatu upya. Mwende na wenzake walihitimu wakaondoka, lakini kabla ya kuondoka walinikabidhi kwa kundi la wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, nami nikawaambia habari zangu zote siku ile ile. Hao ndio waliokuwa wakinigongea mlango alfajiri twende darasani. Sasa niko mwaka wa mwisho. Bado sijahitimu, lakini ninalala usingizi, na nikiomba najua ni mimi ninayeomba.

Namshukuru Mungu aliyenipa watu wa kunikemea na kunishika mkono pamoja. Wewe uliyeketi hapa na barua yako umeificha, mwamini Yesu, na uwaamini watu aliokupa. Baada ya ibada nitakuwa pale mlangoni. Si lazima unieleze yote leo. Niambie jina lako tu, tutaanzia hapo.