Darasa la Jioni Kule Kyuso

Kina mama wa Kasikeu, namshukuru Mungu kwamba nimesimama mbele yenu nikiwa nimenenepa. Walioniona nikiondoka hapa wanajua nilikuwaje.

Mume wangu alikuwa mwalimu hapa hapa. Serikali ikasema huku walimu wametosha, kule Kyuso hakuna hata mmoja, basi yeye aende. Hatukuulizwa. Ndengu zangu zilikuwa zimeanza kutoa maua. Nikaziacha, nikafunga vyungu, nikabeba mtoto, tukaenda kwa miguu siku nyingi.

Ndugu zangu, nawaambia, nililia. Nyumba ya mwalimu ilikuwa kuta tu, haina paa. Maji ni ya kuchimba kwenye mchanga wa mto. Aliyetupokea ni mama mmoja Mwislamu, mke wa mfanyabiashara wa ng'ombe. Tulilala kwake mpaka nyumba yetu ikaezekwa.

Lakini shida kubwa ilikuwa shule. Asubuhi mume wangu alipiga kengele, wakaja watoto wachache tu. Inspekta wa serikali akapita, akasema akirudi akikuta hali ni hiyo hiyo, shule itafungwa na mwalimu ataachishwa kazi. Mume wangu hata chakula kikamshinda.

Siku moja mtoni, tukichota maji, nikawauliza wanawake kwa nini hawaleti watoto. Wakasema hawajakataa. Asubuhi watoto wanapeleka mifugo kunywa maji, na wakirudi shule imeshafungwa. Nikamwambia mume wangu afundishe jioni. Aliogopa, maana saa za shule hupangwa na serikali. Mwishowe akakubali, na darasa likajaa.

Halafu Inspekta akarudi, tena asubuhi. Hakuna mtoto. Nikasogea, mtoto mgongoni.

"Bwana, watoto wapo. Wako na mifugo. Tafadhali ngoja mpaka jua literemke."

"Mama, mimi nina safari."

"Najua. Lakini ukienda sasa, utakuwa umekagua mabenchi tu."

Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Jirani yangu, yule yule aliyetulaza, akaleta kiti na chai ya maziwa. Inspekta akakaa.

Jioni wakaja, vumbi mpaka magotini, wengine na fimbo zao za kuchungia. Wakajaa, waliokosa nafasi wakasimama dirishani. Akawasikiliza wakisoma, akawauliza hesabu. Alipoinuka akamwambia mume wangu, "Endelea na jioni yako. Ofisini nitaeleza mimi."

Na mwaka huu tumeletewa mwalimu wa pili.

Nawashukuru wanawake wa kule mtoni. Namshukuru jirani yangu. Tunasali mbalimbali, lakini tunakula pamoja. Nawashukuru na ninyi mlioniombea.

Na wewe dada uliyeketi hapo nyuma, ambaye mume wako ameambiwa ahame, ukifika huko usijifungie ndani kulia kama nilivyoanza mimi. Chukua debe lako uende maji yalipo. Waulize wanawake wa huko siku yao inakwendaje. Watakuambia, kisha watakutwika debe.