Ufa Niliouona Nikanyamaza

Mwenyekiti, wazee, kina mama, madereva na mafundi wenzangu wa Nachingwea na Ruangwa, nawasalimu nyote, wa msikitini na wa kanisani. Mwenyekiti aliponiomba nije kuongea alisema, "Wasimulie ile timu yako ya mbio za magari ilivyoanza." Nikamjibu kwamba siwezi kuisimulia timu nikaacha yaliyotangulia, na yaliyotangulia hayanipendezi. Akasema nije hivyo hivyo. Basi nimekuja. Majina ya watu sitataja.

Mimi ni mtoto wa Nambambo. Baba na mama ni wakulima wa korosho na ufuta, mnawajua. Nilisoma ufundi, nikaendelea mpaka nikawa mhandisi wa mitambo, na kazi yangu ya kwanza mjini Dar es Salaam ilikuwa gereji ya malori. Siku moja likaletwa gari dogo la mashindano limevunjika giaboksi. Nikalitengeneza. Mwenye gari akarudi wiki iliyofuata akaniambia, "Acha malori, njoo kwangu." Nikaenda. Kwa miaka saba nikawa nazunguka na timu ile kwenye barabara za vumbi, Morogoro, Iringa, Tanga, mpaka nchi jirani. Dereva alikuwa mmoja, na pembeni yake msoma ramani, yule anayemwambia kona inayokuja ni kali au ni nyepesi. Wale wawili walikuwa marafiki tangu shule. Mimi ndiye niliyewaambia gari liko sawa, na nikisema liko sawa hawaulizi tena.

Ndugu zangu, nawaambia, kuaminiwa hivyo kunalevya.

Siku ya tukio ilikuwa mchana, jua kali. Tulikuwa wa pili, tumeachwa sekunde chache tu na wa kwanza. Gari likaingia pale tunapopewa dakika ishirini za kulihudumia. Nikalala chini yake. Kwenye mkono wa chuma unaoshika tairi la mbele kushoto nikaona ufa, mwembamba kama unywele. Mkono mwingine tulikuwa nao kwenye gari la vifaa, lakini kuubadilisha kungezidi zile dakika, na ukizidisha unaongezewa sekunde za adhabu. Bosi, yule mwenye gari, alikuwa amesimama juu yangu anauliza, "Vipi, Injinia?" Nikaufuta ule ufa kwa kitambaa, sijui kwa nini niliufuta, nikatoka chini nikasema, "Liko sawa."

Halikufika kilomita sita. Ule mkono ulikatika kwenye kona, tairi likachomoka, gari likapinduka. Dereva alitoka mzima. Msoma ramani alivunjika nyonga na paja.

Wasimamizi wa mashindano walipokuja kuuliza nini kimetokea, nilisema gari limegonga jiwe. Barabara ile ilikuwa na mawe, kila mtu akakubali. Ikaonekana dereva amekimbiza gari kupita kiasi. Alitolewa kwenye timu, na mimi nikiwa nimesimama palepale nasikiliza. Sikusema neno.

Mwezi uliofuata mikono yangu ilianza kunisumbua. Nikishika spana kukaza nati, nakaza, naachia, narudi kukaza tena. Gari la saa moja nalimaliza kwa siku nzima. Nikaacha kazi kabla hawajaniacha, nikarudi Nambambo nikawaambia watu niko likizo. Likizo ya miaka miwili. Nyinyi wengine hapa mliniletea magari yenu nikakataa, mkasema nimekuwa na maringo ya mjini. Hayakuwa maringo, niliogopa. Nilichokubali kutengeneza ni yale mabomba ya injini ya kupulizia dawa mikorosho tu, kwa sababu bomba likizimika hakuna anayeumia. Msimu wa mabibo nilikunywa uraka, ile pombe ya mabibo, kuanzia asubuhi. Mama yangu, ambaye Kiswahili chake ni cha kuokoteza maana yeye ni Mmwera wa ndani kabisa, alinitazama siku moja akasema, "Wewe huumwi. Wewe umeficha kitu." Nikaondoka nikaenda shambani.

Sasa, siku moja kama saa nne asubuhi, niko barazani nimefungua bomba la jirani, bodaboda ikasimama uwanjani. Akashuka mtu kwa taabu, ana mkongojo. Nikamtambua kabla hajavua kofia ya pikipiki. Msoma ramani. Alikuwa ametoka Dar es Salaam na basi, amelala Nachingwea mjini, asubuhi ameulizia mpaka akafika.

Mama akamletea kiti na maji. Akanywa. Kisha akasema, "Injinia, sikuja kugombana. Nina swali moja tu. Siku ile ulipokuwa chini ya gari, uliona kitu?"

Nikaendelea kusafisha kabureta. Naye akasubiri, hakurudia swali.

"Niliona ufa," nikasema.

"Mkubwa?"

"Kama unywele."

"Ukasema nini?"

"Nikasema liko sawa."

 Nilidhani ataniinulia ule mkongojo, na ningeuacha unipige. Akasema, "Miaka miwili namwambia kila mtu kwamba rafiki yangu alinivunja kwa kupenda sifa. Sijapokea simu yake. Mke wangu na mke wake hawasalimiani. Mguu wangu utapona utakavyopona, Injinia. Lakini hili inuka twende ukalirekebishe."

Nikamwambia, "Nipe wiki." Akasema, "Basi la kesho."

Tukaenda. Dereva tulimkuta kwenye duka la vipuri alipokuwa ameajiriwa. Nikamweleza nikiwa nimesimama, mbele ya rafiki yake. Hakunitukana wala kunigusa. Alitoka nje, akakaa huko mpaka nikafikiri ameondoka. Aliporudi akavuta daftari la pale dukani, akachana karatasi, akaniwekea mbele na kalamu. "Andika. Yote uliyosema sasa hivi." Nikaandika barua kwa wasimamizi wa mashindano, nikaipeleka mwenyewe. Walinisikiliza, wakanifungia msimu mzima. Dereva wakamsafisha.

Msije mkadhani tulikumbatiana. Mpaka leo yeye na mimi tunasalimiana tu, basi. Anayo haki. Lakini wale marafiki wawili walitoka dukani pamoja, mmoja amembebea mwenzake begi, na mimi nikiwa nyuma yao nilijikuta natembea na mikono imetulia. Nilirudi nyumbani nikaanza kupokea magari yenu.

Hapo ndipo timu ikazaliwa, na wala si mimi niliyeianzisha. Kuna dada yupo hapa ukumbini, sitamtaja, nanyi msigeuke kumtazama. Ni binti wa wafugaji waliohamia Nambilanje kutoka kule kanda ya ziwa. Anaendesha lori la ufuta na korosho, na kila dereva wa njia ya Ruangwa anajua hakuna anayempita kwenye vumbi. Alikuja gereji akaniambia, "Fundi, nasikia wewe umewahi kuunda magari ya mbio. Niundie moja."

Nikamwambia, "Dada, kwanza nikueleze nilichofanya." Nikamweleza yote. Akafikiri, akasema, "Umenieleza kabla sijakuuliza. Inatosha. Unaanza lini?"

Tukapata gari dogo lililopinduka, limekaa miaka kwenye majani nyuma ya ghala. Tuliazimwa ghala lenyewe. Kile kizimba cha mabomba ndani ya gari, kinachowakinga watu likipinduka, tulikikunja na fundi wa kuchomelea wa Ruangwa aliyezoea mageti na vitanda. Nilimrudisha mara tatu kwenye ungio lile lile, akaninunia, akarudia. Nilipompigia simu msoma ramani kumwomba ushauri, akaniambia, "Nafasi ya pembeni ina mtu?" Nikasema haina. Akasema, "Nitakaa mimi. Sharti moja: ukiona kitu, wa kwanza kujua niwe mimi, si bosi." Siku za kujaribu gari, tangazo lilisomwa msikitini na kanisani ili watu na ng'ombe wakae mbali na barabara ya Nambilanje.

Mashindano yetu ya kwanza, watu wa Ruangwa walikodi basi kuja kutuona. Dada aliendesha vizuri mno. Kilibaki kipande kimoja cha mbio, gari likaja kwangu. Nikalinyanyua na jeki, nikashika tairi la nyuma nikalitikisa. Likacheza. Beringi. Ya akiba hatukuwa nayo.

Nikaenda dirisha la kushoto kwanza. "Beringi ya nyuma imekufa. Gari halitoki." Msoma ramani akaanza kufungua mkanda.

Dada akasema, "Fundi, watu wetu wamesafiri siku nzima."

"Najua."

"Kimebaki kipande kimoja. Nitakwenda taratibu."

"Najua, dada. Halitoki."

Alibaki ndani ya gari na kofia kichwani mpaka magari ya wenzetu yote yakaondoka. Watu wa basi walininung'unikia, mmoja akasema tumewatia aibu. Baadaye nilipoifungua ile beringi, gololi zikamwagika kiganjani zimepasuka vipande. Dada akazichukua, akazitazama. Akasema polepole, "Ungeniambia liko sawa, ningekuamini."

Ndugu zangu, nimesifiwa mara kadhaa maishani, lakini hakuna sifa iliyoniingia kama ile.

Mara ya pili tulimaliza, tukawa wa tisa. Kikombe hatujapata. Tunaendelea.

Nawashukuru: mama yangu, aliyeniona. Dada, kwa kunipa kazi akijua. Fundi wa kuchomelea, kwa kuvumilia kero zangu. Ninyi mliorudi na magari yenu baada ya mimi kuwakatalia. Dereva wangu wa zamani hayupo hapa, lakini nataka isikike kwamba sikumstahili. Na msoma ramani, ambaye angeweza kuja na polisi, akaja na swali.

Funzo langu ni dogo. Nilikuwa naogopa adhabu, na adhabu ilipokuja ilikuwa msimu mmoja. Kule kukaa kimya kulinila miaka miwili, kukawala na watu wawili wasio na kosa. Mimi nilisubiri mpaka niliyemwumiza akapanda basi, na nyonga yake ile, kunifuata. Kama kuna mtu hapa ana la kwake, nawaomba, asimwache mwenzake asafiri. Apande basi yeye.