Nani Atamsomea Jule?

Sisi wa benchi la mbele ya mkahawa wa Bi Kowalke, hapa Remscheid, Ujerumani, tulitoka Hispania vijana kuja kutengeneza misumeno, na baada ya miaka hamsini Kijerumani chetu bado ni cha kiwandani: leta, zima, kaza, angalia vidole. Ndiyo maana Jumanne ile kahawa ilipoa mikononi mwetu. Eladio, tunayemwita Nyundo, alikuja na karatasi ya maneno ya kumwambia mjukuu wake Jule, anayeolewa Jumamosi, na Jule Kihispania hajui. Nyundo alitaka mtafsiri, tena bingwa wa misemo. Mimi Amparo, mwanamke pekee hapo, nikashika simu.

— Simu yenyewe inatafsiri, akasema Ceferino, jina la benchi Redio. Jaribu uone!

Nikajaribu. Nyundo alimwandikia Jule kwamba ni kipande cha mkate, yaani ana roho nzuri mno, na sasa amepata nusu ya chungwa lake, yaani mwenzi wa maisha. Simu ikatoa mkate na chungwa vilevile.

— Mama yangu! Wakwe watadhani unasoma orodha ya sokoni!

— Cheka tu, Redio. Hayo ni maneno ya marehemu mke wangu. Yakiharibika mbele za watu, uso nitauficha wapi?

— Bingwa wa misemo hasomei chuoni, akadakia Benigno, aliyetoka kiwandani akasukuma vitanda hospitalini mpaka tukamwita Daktari. Lazima awe amezaliwa ndani ya treni, katikati ya safari ya Hispania kuja Ujerumani.

— Katikati ni Ufaransa, Daktari! akasema Redio.

— Ndiyo maana hawapatikani! Wafaransa wamewachukua wote.

— Uongo mtupu. Wapo saba, Ujerumani nzima, na wanalindwa.

— Na nani?

— Ukijua, na wewe utalindwa.

— Nyamazeni! nikapiga kelele. Kuna mama wa mji wa Kassel amepokea simu! Misemo ya Kihispania kwa Kijerumani, ndiyo kazi yake!

Benchi zima likasimama. Daktari akambusu Redio kwenye kipara.

— Muulize lini! Amparo, muulize lini!

Nikauliza.

— Novemba, nikawaambia. Kabla ya hapo hana nafasi.

Tukakaa tena. Hapo Jule akatoka ndani kwa Bi Kowalke, alikokuja kuagiza keki yake. Kelele zetu alizisikia zote, ingawa alichoelewa ni jina lake tu. Akaichukua karatasi mkononi mwa babu yake, akaitazama, akauliza kwa Kijerumani, bila hasira:

— Babu, miaka kumi nilishinda kwako kila siku baada ya shule. Mbona hukunifundisha Kihispania?

Daktari akakoroga kikombe kitupu. Wakati ule walimu walisema watoto watachanganyikiwa na lugha mbili, nasi tukaogopa. Swali liliniuma hata mimi, maana wanangu watatu pia hawajui.

Jule akamsogeza Redio kwa nyonga, akaketi, akaweka kidole kwenye neno la kwanza.

— Leo Jumanne, akasema. Tuna siku nne za kunifundisha. Soma polepole.